Mtu Aliyekataa Kusema: Kesi ya Longfellow Deeds

Shauri lenyewe halina mauaji wala wizi wa kuku. Ndugu wa tajiri aliyefariki wamefika mahakamani New York kuomba mtu mmoja atangazwe hana akili timamu, ili dola milioni 20 alizoachiwa zitoke mikononi mwake. Mtu huyo yupo ukumbini. Ni mrefu, ameinamisha uso, anatazama meza. Hana wakili na hakutaka apewe. Akiulizwa kama ana swali kwa shahidi, hajibu. Mashahidi wanapanda kizimbani na kushuka, na jambo la ajabu ni kwamba karibu kila wanachokisimulia kilitokea kweli.

Filamu ni Mr. Deeds Goes to Town ya kampuni ya Columbia, iliyotoka mwaka 1936. Mwongozaji ni Frank Capra, mwandishi ni Robert Riskin. Wengi huikumbuka kama hadithi ya mshamba aliyependa mwandishi wa habari mjini, na kweli hayo yamo. Lakini kwangu mimi mnofu uko kwenye sehemu ya mwisho, pale mahakamani, na hasa kwenye kitu kimoja ambacho mtu anaweza kukipita bila kukiona. Sinema ilikuwa imepata ulimi mwaka 1927. Miaka tisa baadaye, wakati kila kampuni ya Hollywood inauza maneno, Columbia inatengeneza kesi ya kuchekesha ambayo mhusika wake mkuu amefunga mdomo.

Jinsi alivyofika pale

Longfellow Deeds, anayeigizwa na Gary Cooper, anakaa Mandrake Falls, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Vermont. Ana fungu lake katika kiwanda cha mafuta ya mishumaa, anatunga beti za kadi za salamu, na katika bendi ya mji yeye ndiye mpuliza tuba, lile dude zito la sauti nene ambalo kwenye matarumbeta ya harusi zetu hukabidhiwa kijana mwenye mapafu. Mjomba wake, Martin Semple, amekufa kwa ajali ya gari Italia. Watu wanakuja kutoka New York kumpa habari ya urithi, naye anawasikiliza huku akishughulika na tuba yake. Anashangaa tu kwa nini mjomba amwachie yeye, maana hazihitaji fedha hizo.

Huko mjini watatu wanamsubiri kwa namna tofauti. Wa kwanza ni John Cedar, wakili wa mirathi, anayetaka Deeds amtilie saini hati ya kumpa mamlaka ya kusimamia kila kitu. Sisi watazamaji tunaonyeshwa mapema kwamba vitabu vya hesabu vya Cedar vina pengo analohitaji kulifukia. Wa pili ni mpwa mwingine wa marehemu pamoja na mkewe, watu wanaoamini mzee alikosea jina kwenye wosia. Wa tatu ni Babe Bennett, mwandishi wa gazeti, ambaye mhariri wake amemwahidi likizo ya mwezi mzima kwa mshahara akimletea habari za huyu tajiri mpya. Babe anajifanya msichana maskini aliyetembea kutwa akitafuta kazi, anajiita Mary Dawson, na anazimia karibu na mlango wa Deeds. Jean Arthur, mwenye sauti ile ya mikwaruzo isiyosahaulika, aliipata nafasi hii baada ya Carole Lombard kujitoa siku chache kabla ya kazi kuanza.

Basi kila usiku Deeds anatembea mjini na Mary, na kila asubuhi Babe anaandika. Alikimbilia gari la zima moto akapanda. Alilisha farasi wa kukodi donati nyingi. Alipigana mkahawani na washairi waliomwita mezani kwao ili wamcheke. Alilewa, akarudi nyumbani na nguo za ndani tu huku akipiga kelele. Ni kweli tupu, yameandikwa na mtu aliyekuwepo. Gazeti linampa jina la utani linalotokana na hadithi ya Cinderella, na jiji zima linalirudia.

Zikumbuke donati zile, zitarudi. Siku Deeds anapogundua Mary ni nani, anafunga mizigo aondoke. Ndipo mkulima mmoja aliyefukuzwa shambani kwake anavamia jumba lile akiwa na bastola. Amesoma gazetini kuhusu farasi na donati. Anamuuliza tajiri huyu kama amewahi kufikiria kulisha watu, halafu anavunjika, anaanza kulia, na Deeds anamkalisha mezani ale. Mtazamaji wa 1936 hakuhitaji maelezo. Mwaka 1933 karibu robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na ajira, na familia za wakulima walionyang'anywa mashamba kwa madeni zilikuwa barabarani. Deeds anaamua kutoa karibu mirathi yote. Kila familia itapewa shamba la ekari 10, na farasi, ng'ombe na mbegu. Ikililima miaka mitatu, shamba ni lake.

Cedar anaona pengo lake halitafukiwa tena. Anawachukua wale ndugu, wanafungua maombi, na Deeds anakamatwa na kupelekwa hospitali ya kaunti akiwa katikati ya kuandikisha wakulima.

Chumba kinachofaa maikrofoni

Kabla ya mashahidi, neno kidogo kuhusu ukumbi wenyewe, maana mahakama haikuingia kwenye sinema ya sauti kwa bahati.

Katika miaka ya kwanza ya sauti, maikrofoni ilikuwa mtawala. Kamera ilifungiwa kwenye kibanda ili mngurumo wake usirekodiwe, na mwigizaji aliyetembea huku akisema aliweza kupoteza nusu ya sentensi yake. Sasa tafuta mahali duniani ambapo watu hukaa pale walipowekwa, husema kwa zamu, husema kwa sauti ya kusikika, na mtu wa tatu ana kazi ya kuwanyamazisha wengine. Ni mahakamani. Kampuni ya MGM walipotaka nyota wao Norma Shearer asikike kwa mara ya kwanza, mwaka 1929, walimpandisha kizimbani katika The Trial of Mary Dugan, tamthilia ya mauaji iliyotoka jukwaani.

Wachekeshaji hawakuchelewa. Walitoka kwenye kumbi za vichekesho wakiwa na mzigo wa maneno yenye maana mbili, na kiapo cha shahidi ni mtego mzuri wa maneno. Katika Duck Soup (1933), filamu ya ndugu Marx, jasusi Chicolini anashtakiwa kwa uhaini mbele ya kiongozi wa nchi, ambaye mara yuko upande wa mashtaka, mara anajitwika utetezi. Mwaka huo huo, katika I'm No Angel, Mae West anamshtaki mwanamume aliyevunja ahadi ya ndoa na kuwahoji mashahidi mwenyewe huku akitembea mbele ya baraza kama yuko jukwaani. Na mwaka 1936, Columbia hao hao walitoa Disorder in the Court, filamu fupi ya wachekeshaji watatu waitwao Three Stooges, ambamo mmoja wao, Curly, anashindwa kuapa kwa sababu mikono ni miwili na vitu vya kufanyia ni vitatu: kofia avue, mkono wa kulia ainue, wa kushoto auweke kwenye kitabu.

Katika zote hizo mwenye mdomo mwingi ndiye mshindi. Mahakama ni uwanja, maneno ni mpira.

Kati ya 1933 na 1936, hata hivyo, kulitokea jambo. Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili tangu 1930, ila zilifuatwa kwa kuruka ruka hadi Julai 1934, ofisi ya ukaguzi wa filamu ya Joseph Breen ilipoanza kuzisimamia kwa mkono mzito. Kanuni hizo zilikataza sheria isidhihakiwe. Ziliruhusu kuonyesha mahakama moja au afisa mmoja aliyepotoka, mradi mfumo wa mahakama nchini usionekane dhalimu. Riskin alikuwa na kazi ngumu kuliko waandishi wa 1933. Achekeshe mahakamani bila kuicheka mahakama. Ukiijua hiyo, utaelewa kwa nini wakili ni mwovu, daktari ni kichekesho, na Jaji May, aliyechezwa na H. B. Warner, ni mzee mpole asiye na doa hata pale anapoendesha kesi ovyo.

Mashahidi

Cedar anaendesha ushahidi wake vizuri. Nasema hivyo kwa makusudi, maana filamu inataka tumchukie na ni rahisi kutoona ustadi wake. Shahidi wake wa nguvu ni Babe, aliyeletwa kwa hati ya wito. Anamuuliza kama yeye ndiye aliyeandika makala zile. Ndiyo. Kama alikuwepo. Ndiyo. Kama Deeds alilisha farasi donati. Ndiyo, lakini. Pale kwenye "lakini" Cedar anamkata na kumtaka ajibu alichoulizwa tu. Babe anataka kueleza kwamba aliyaandika vile ili yachekeshe, kwamba usiku ule ulikuwa na sababu zake. Sababu hazihitajiki. Cedar anajenga nguzo za matukio bila paa la maelezo, na mwenye kuyatazama kutoka juu anaona wazimu.

Hii ndiyo hoja ya kisheria iliyofichwa ndani ya kichekesho. Kilichotokea ni kimoja, unachokihitimisha kutokana nacho ni kingine. Hakuna shahidi wa Cedar anayesema uongo mkubwa. Wahudumu, wasanii waliotolewa nyumbani kwake, watu wa mtaani waliomwona, kila mmoja anatoa kipande alichokiona. Chukua wiki yoyote ya maisha yangu au yako, iwekwe kizimbani kwa mtindo huu, tuone tutatoka vipi.

Halafu wanaingia kina dada wawili wazee, Jane na Amy Faulkner, waliosafirishwa kutoka Mandrake Falls. Wameigizwa na Margaret Seddon na Margaret McWade, na hakuna kitu kwenye filamu nzima kilichopimwa vizuri kama wao. Wanaapishwa pamoja na wanakaa pamoja. Cedar akiuliza, mmoja anamnong'oneza mwenziwe, wanakubaliana, ndipo jibu linatoka. Mnong'ono huo ni kichekesho cha sauti chenyewe: maikrofoni inasikia kwamba kuna maneno, lakini hatupewi. Mwaka 1929 fundi wa sauti angekata kipande hicho. Hapa ukumbi mzima unasubiri.

Cedar anawauliza kama wanamjua Deeds. Wananong'onezana. Ndiyo. Watu wa Mandrake Falls wanamwonaje? Wananong'onezana tena, na linatoka neno moja: pixilated.

Hakuna anayelielewa. Jaji anauliza ni nini hicho. Inabidi mtaalamu mmoja aeleze kwamba ni usemi wa zamani wa Marekani unaotokana na viumbe wadogo wa hadithi, na kwamba mtu huyo amepatwa nao. Neno lipo kweli, ni la watu wa kaskazini mashariki mwa nchi ile tangu karne ya 19. Nimejaribu kulitafsiri na nimekwama kwa muda. Kupagawa ni kuzito mno. Aliyepagawa huitiwa mganga, ngoma ikapigwa. Nadhani karibu zaidi ni kusema amechezewa na vibwengo. Mtu wa namna hiyo kijijini haitiwi yeyote. Hupewa chai, akaachwa aendelee.

Angalia sasa Cedar alivyolitumia. Neno la kijijini, lenye upole ndani yake, limeingia kwenye kumbukumbu za mahakama ya jiji na kugeuka cheti cha ugonjwa. Na hakuuliza swali la pili. Aliuliza kuhusu Deeds, akapata alichotaka, akawashukuru kina dada. Hakuuliza ni nani mwingine katika mji ule mwenye vibwengo.

Mwisho wa ushahidi analetwa daktari wa akili mwenye lafudhi ya Ulaya, Dk. von Hallor, na bango kubwa lenye mstari unaopanda na kushuka kama mawimbi ya kusi. Mstari ukiwa juu, mtu ana furaha iliyopita kiasi: tuba, gari la zima moto, ugomvi. Ukiwa chini, huzuni nzito. Na sasa hivi, anasema, yuko chini kabisa.

Kwa hiyo kimya chake kimewekwa kwenye bango. Angesema, angekuwa juu ya wimbi. Hasemi, yuko bondeni. Hakuna mahali pa kusimama ambapo mstari ule haumfikii, na hilo ndilo lingekuwa swali la kwanza la wakili wa utetezi kama angekuwepo.

Kimya

Tuseme wazi kwa nini hasemi. Moyo umevunjika. Msichana pekee aliyemwamini mjini ndiye aliyemwandika, na sasa amekalishwa kizimbani kuthibitisha kila mstari. Kisheria anajiangamiza, na anajua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wamesema wahenga, lakini mahakama haiandiki mshindo, inaandika majibu.

Kiufundi, hapa ndipo Capra anaponifurahisha. Alizaliwa Sicily mwaka 1897, akafika Marekani akiwa mtoto, akasomea uhandisi wa kemikali California kabla ya kuangukia sinema. Alifanya kazi ya filamu za kimya, na sauti ilipokuja haikumtisha. Cooper naye alitokea huko huko. Alionekana katika Wings ya 1927 kabla hajasikika. Uso wake ulizoea kufanya kazi bila msaada. Basi wanamweka katikati ya ukumbi uliojaa sauti (mawakili, wakulima wanaonung'unika, nyundo ya jaji, mnong'ono wa kina dada) na wanamnyima mstari hata mmoja kwa muda mrefu. Kila sauti inayozidi kuongezeka inamfanya yeye aonekane zaidi. Kuna mara moja niliitazama sehemu hii nikiwa nimezima sauti, na macho yalimfuata yeye tu. Nilipoirudisha sauti yalimfuata yeye vile vile, ila sasa kwa hamu ya kusikia. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya urekodi wa sauti, na napenda kufikiri kwamba waliopiga kura walisikia pia yale yasiyosemwa.

Anayeuvunja ukimya ni Cedar mwenyewe, bila kukusudia. Jaji anakaribia kutoa uamuzi wa kumrudisha Deeds hospitalini, Babe anaruka kutoka kwenye kiti chake akipiga kelele kwamba hii ni dhuluma. Cedar anaona nafasi ya kummaliza kama shahidi. Anambana: anamtetea kwa sababu anampenda, siyo? Anauliza tena na tena mpaka Babe anakiri, mbele ya wote. Ndiyo, anampenda. Kwa wakili ni pigo safi, ushahidi wake sasa una upendeleo. Cedar alikuwa akilijua jibu. Hakujua kwamba mtu aliyekaa nyuma yake alikuwa akilingoja kuliko mahakama nzima.

Mhariri anasimama kumtetea Deeds. Cobb, mtu wa magazeti aliyeajiriwa kumlinda, anasimama. Wakulima wanamwomba aseme. Naye anainua kichwa.

Anaposimama

Mwandishi wa kawaida angemwanzisha na haki, uhuru na taifa. Riskin anamwanzisha na tuba.

Deeds anasema hupuliza tuba anapotaka kufikiri, na kwamba kila mtu ana upuuzi wake wa kumsaidia kufikiri. Anatoa mifano iliyopo ukumbini. Jaji, kwa mfano, ana tabia ya kujaza wino ndani ya kila herufi O anayoikuta kwenye karatasi. Jaji anatazama karatasi yake. Mwingine anachezesha pua, mwingine anavunja vidole. Na daktari? Deeds anaomba karatasi iliyo mbele yake. Imejaa vichoro visivyo na maana yoyote. Huyu, anasema, kwetu tunamwita doodler, mtu anayechorachora huku akili iko mbali. Neno lile la zamani lilikuwa na maana ya mjinga; maana ya kuchorachora ilienea kutokana na filamu hii, na leo liko kwenye kila kamusi ya Kiingereza.

Tazama alichofanya. Hakupinga tukio hata moja. Alikubali tuba, akaiweka kwenye safu moja na O za jaji, na bango la daktari likaishiwa nguvu kwa sababu aliyelichora naye anachora. Ni Abunuwasi aliyevaa suti. Donati anazikubali, kelele za usiku ule anazikubali: alikuwa amelewa, kwa mara ya kwanza.

Kisha anawaita tena kina dada Faulkner. Nyumba mnayokaa ni ya nani? Wananong'onezana. Ni yako, Longfellow. Mnalipa kodi? Hawalipi. Na sasa swali ambalo Cedar hakuliuliza: ni nani mwingine Mandrake Falls aliyechezewa na vibwengo? Wanashangaa kuulizwa jambo la wazi namna hiyo. Mji mzima, wanasema, isipokuwa wao wawili. Na Jaji May? Wanamtazama vizuri. Naye pia.

Sioni mfano bora wa jinsi swali moja linavyoweza kuubomoa ushahidi uliokubaliwa na pande zote. Neno ni lile lile, mashahidi ni wale wale, maana imepinduka.

Kuhusu fedha anatoa mfano wa mtumbwi. Yuko kwenye chombo kikubwa, anamwona mtu mmoja amechoka kupiga kasia na anataka kubebwa bure, na mwingine anazama. Amwokoe nani? Mtoto wa miaka kumi anaweza kujibu, anasema, na aliyechoka kupiga kasia ni Cedar. Halafu mfano wa magari kwenye mlima: mengine yanapanda bila shida, mengine yanakwama, na waliofika juu wasimame wawasaidie. Anaongeza kwamba hata uwe na serikali ya aina gani, watakuwepo wanaoongoza na wanaofuata. Hapo mimi humwacha aende zake. Watu waliolia kwenye majumba ya sinema mwaka ule walihitaji zaidi ya tajiri mmoja mwenye moyo, na Riskin alilijua hilo.

Mwisho anasema kuna jambo moja zaidi linalomkera kifuani. Anamwendea Cedar na kumpiga ngumi.

Jaji anatuliza ukumbi. Kwa maoni ya mahakama, anasema, Deeds ana akili timamu, na zaidi ya hapo ndiye mtu mwenye akili timamu kuliko wote waliowahi kuingia katika ukumbi huo.

Ukumbi unalipuka, na nami hulipuka nao, kisha nikitulia naanza kuhesabu makosa. Mtu amepigwa ngumi mbele ya meza ya hukumu na hakuna aliyeandika lolote. Hesabu za Cedar, chanzo cha yote, hazikuwahi kufunguliwa mahakamani. Hatujui kama alikwenda jela au nyumbani. Mtu anayetuhumiwa kuwa hana akili aliachwa ajitetee bila wakili, na uamuzi ulishikwa hadi alipozungumza. Ukarimu wake kwa wakulima hauthibitishi akili timamu kisheria, kama vile uchoyo wa ndugu zake hauthibitishi wazimu.

La kuumiza zaidi ni hili. Aliokolewa kwa sababu alijua kusema. Alikuwa na vichekesho, alikuwa na mifano, alikuwa na sura ya Gary Cooper. Mwondolee hotuba ile, mpe mkulima yule aliyeingia na bastola, mtu wa maneno machache na nguo zilizochakaa, akae kwenye kiti kile na mstari ule ule wa daktari juu ya kichwa chake. Ushahidi haukubadilika hata nukta kabla Deeds hajafungua mdomo. Jaji May yule yule, mpole, asiye na doa, alikuwa karibu kumpeleka wodini. Kanuni za Breen zilitaka mfumo uonekane wa haki, na unaonekana. Ila filamu imetuonyesha pia ni dakika ngapi zilibaki.

Mwezi Machi 1937 Capra alichukua Oscar ya uongozaji kwa kazi hii.

Deeds anabebwa juu juu na wakulima hadi nje. Babe amebaki ndani, analia. Deeds anarudi mbio, nguo zimevurugika, anamnyanyua na kumbusu bila kukoma. Kina dada Faulkner hawajaondoka kwenye viti vyao. Mmoja anamwambia mwenziwe kwamba bado amechezewa na vibwengo. Mwenziwe, safari hii bila kunong'ona, anakubali.